Harufu ya Leso ya Bi. Nasima

Mbale, Vihiga
10 Februari 2025

Mpendwa Celine,

Kosa wanalolifanya wengi wakikabidhiwa makumbusho ni kudhani kwamba kazi yao ni kujua. Wanajifungia ofisini, wanakariri tarehe na majina, na siku ya kwanza wanasimama mbele ya wafanyakazi wakiwa wamejaa majibu. Wafanyakazi nao, kwa adabu, wananyamaza. Kuanzia siku hiyo yale wanayoyajua wao yanabaki midomoni mwao, na makumbusho yanaanza kufa kimyakimya huku sakafu ikizidi kung'aa.

Sisemi wewe umefanya hivyo. Nakuandikia kwa sababu mwezi wako wa kwanza umekwisha, na mzee aliyestaafu hana shughuli kubwa ila kukumbuka. Simu hainifai tena, kama unavyojua. Masikio yameniacha, kila nikipigiwa nasikia mtu anayeongea kutoka ndani ya mtungi. Barua naisikia vizuri. Iache kwenye ofisi ya mabasi, nami nitaichukua nikishuka sokoni.

Huku kila saa nne shule ya jirani hupiga kengele, na mkono wangu hutafuta kikombe. Ile chai yetu! Hebu nione kama bado naikumbuka sawasawa. Omolo, fundi wetu, anatoa vigoda uani, pale kwenye bomba la zamani ambapo wanawake wa mtaa walikuwa wakipanga ndoo. Jacky wa usafi anamimina. Katikati yetu kuna kitu kimoja kilichotolewa chumbani, leo pasi ya makaa, wiki ijayo redio, na kila mmoja anasema jambo moja asilolijua kuhusu kitu hicho. Mkuu ndiye anayeanza. Na mkuu ndiye anayekalia kile kigoda ambacho Omolo alikikata miguu, kifupi kuliko vyote, magoti yakikaribia kidevu. "Mzee," Omolo aliniambia siku moja, "ukikaa hapo hata ukifoka haitishi." Hiyo ndiyo ilikuwa faida yake. Wewe mwenyewe ulikaa nasi hapo ukiwa mwanafunzi wa kujitolea, kwa hiyo sihitaji kueleza sana, ingawa nimeshaeleza.

Watu huja kuona chumba kimoja tu, kilichopangwa kama familia za reli zilivyokipanga zamani: kitanda nyuma ya pazia, stovu ya mafuta ya taa pembeni, vitambaa vya kushona juu ya viti, sakafu nyekundu ya nta. Hicho ndicho chumba. Makumbusho yenyewe, kwa maoni yangu, yalikuwa kwenye vile vigoda.

Jambo moja la kukufahamisha. Idi inakuja mwishoni mwa mwezi wa tatu, na asubuhi ya Idi Bi. Lela huja kutoka Majengo. Ile leso ya kisutu, kanga nyekundu na nyeusi iliyo kwenye msumari kando ya kitanda, ilikuwa ya marehemu mama yake, Bi. Nasima. Haijafuliwa tangu alipofariki, na bado inanukia udi wake. Bi. Lela alituazima, wakati huo wewe ulikuwa umeshaenda chuo, kwa sharti kwamba kila Idi aje ainuse. Sharti hilo hatukuliandika popote. Lilikuwa jambo la kwenye chai, mmoja akimwambia mwingine. Akija, mfungulie, mpe kiti, kisha toka nje ufunge mlango. Usimuulize kitu.

Wasalimie Jacky na Omolo.

Wako,
Zedekiah Luseno


Tassia, Nairobi
19 Februari 2025

Mwalimu wangu,

Asante kwa barua. Nimeisoma mara kadhaa. Huku tu wazima. Tumepaka chumba rangi upya na kubadilisha taa, na tarehe tano Aprili kamati ya mtaa itakuja na wageni kukifungua. Nimewaomba wenzangu kila kitu kiwe safi kabla ya siku hiyo.

Chai ipo. Omolo anatoa vigoda kama kawaida na anakusalimia. Jacky pia, ingawa kwa sasa amechukua likizo kidogo.

Nina swali dogo, la maelezo tutakayobandika ukutani tu. Leso ya Bi. Nasima inanukia udi wa aina gani? Na huo udi hununuliwa wapi?

Wako mwanafunzi,
Celine Adhiambo


Mbale
27 Februari 2025

Celine, binti yangu,

Swali lako limenifurahisha kuliko barua nzima. Mke wangu aliniona nikicheka peke yangu barazani akauliza kama nimepata pensheni ya nyongeza. Nilimwambia, hapana, nimeulizwa kitu nisichokijua.

Kwa kweli sijui. Naweza kukueleza namna wanavyofukiza: makaa machache kwenye chetezo, kipande cha udi juu yake, na nguo inatandazwa juu ya moshi mpaka ishike. Lakini ni udi gani, sijui. Nyuma ya harufu ya udi kulikuwa na nyingine, nzito kidogo. Miaka yote hiyo nilidhani leso imeshika harufu ya bohari letu.

Na aibu yangu ni kwamba nilistahili kujua. Sijakuambia hili? Baba yangu alikuwa karani wa reli, baba yake Lela alikuwa akichochea makaa kwenye injini, na milango yetu ilitazamana. King'ora cha karakana kilipolia jioni, wanaume walirudi mashati yamekuwa meusi, na sisi watoto tulikaa kwenye ngazi kungoja. Mwezi wa Ramadhani tuliokuwa Wakristo ndio tuliongoja zaidi. Bi. Nasima alitokea mlangoni na sahani ya kaimati, hiyo kisutu mabegani, akasema, "Nyinyi msiofunga ndio mna njaa kuliko sisi!" Krismasi mama yangu alirudisha ile sahani na chapati. Sidhani sahani hiyo iliwahi kuvuka ua ikiwa tupu. Siku hizi nikifunga macho naiona sahani, naiona leso, nasikia sauti. Harufu ndiyo siipati, kwa sababu ukiwa mtoto hukai ukinusa leso za mama za watu.

Basi liweke swali hili kwenye chai. Na Idi ikifika, Bi. Lela akishatoka chumbani kwa hiari yake, mwombe akueleze. Litakuwa bandiko zuri kuliko lolote nitakaloandika mimi.

Wako,
Zedekiah


Mukuru kwa Njenga
5 Machi 2025

Mzee wetu,

Salamu. Pole kwa mwandiko, naandikia kwa goti. Hujambo wewe na mama?

Sitazunguka. Chai hakuna. Madam alipokuja alisema saa nne ni saa ya kazi. Sasa kuna mkutano asubuhi, tunasimama, anasema, tunaandika, tunatawanyika. Vigoda viko bohari. Kile chako kifupi kimewekwa ndoo ya rangi juu.

Na leso imefuliwa. Ni mimi niliifua.

Ilikuwa hivi. Kabla barua yako ya kwanza haijafika, Madam alipita chumbani na mtu wa kamati. Wakafika kwa leso, yule mtu akavuta pua, Madam akasema, "Jacky, hii inanuka. Ishughulikie kabla ya wageni." Mimi nilijua haifuliwi, uliwahi kutuambia. Nikamfuata hadi mlangoni nimwambie. Alikuwa kwa simu, akanionyesha mkono hivi, ngoja. Nikangoja. Kesho yake mkutano ukawa wa kusimama, na wewe unajua mkutano wa kusimama hauna nafasi ya mtu kusema "lakini". Nikaanza kujiuliza, labda yeye amesoma zaidi, labda siku hizi zinafuliwa. Halafu nikafikiria mama yangu. Ukitundika nguo ya mama ya mtu mbele ya wageni na bosi wako amesema inanuka, unakuwa mtu wa aina gani? Kwetu ni aibu. Nikaifua kwa mkono, polepole, kama ya mtoto mchanga. Nikaianika kivulini. Nikaipiga pasi. Omolo akapita akasema, "Jacky, umemuosha marehemu mara ya pili." Alikuwa anacheka. Halafu akaacha kucheka.

Barua yako ilipofika, Madam alitoka ofisini uso umebadilika. Akatuita, akasema "mfanyakazi mmoja" amevunja utaratibu. Hakutaja jina. Lakini chini yake tuko wawili tu, Mzee, na Omolo hafui hata soksi zake. Mimi akaniambia nikae nyumbani mpaka ufunguzi uishe. Sijui kama kuna kurudi. Asubuhi natembea na wengine mpaka Industrial Area kuuliza kibarua.

Sikuandikii unisemee. Tafadhali usimwambie. Nilitaka tu mtu mmoja ajue kwamba sikuifua kwa dharau.

Jacky


Mbale
10 Machi 2025

Jacky, binti yangu,

Nimesoma, na sasa kuna mtu mmoja anayejua. Sitasema. Ila nakuomba usikubali kibarua cha mbali. Nina tumaini dogo, na tumaini langu linahitaji uwe karibu.

Zedekiah


Tassia
12 Machi 2025

Mwalimu,

Nilikudanganya. Hakuna chai. Niliifuta wiki ya kwanza. Leso imefuliwa; mimi ndiye niliyeagiza, na baada ya kusoma barua yako nilimwachia Jacky lawama na kumrudisha nyumbani. Nilikuuliza habari za udi ili nijue wa kununua.

Barua yako ya furaha ndiyo iliyonimaliza. Ile sahani.

Jana nilienda Eastleigh nikanunua udi na chetezo. Nilingoja mpaka nikadhani Omolo ameondoka, nikawasha makaa chumbani. Leso ilikuwa mkononi, bado sijaitandaza. Nikasikia, "Madam, nani anaolewa?" Alikuwa amesimama mlangoni na misumari mdomoni. Nikamwambia arudi kazini. Akaitoa misumari mmoja mmoja, akasema, "Kazi ndiyo hii naitazama." Nilimwagia makaa maji, chumba kikajaa mvuke, na sote wawili tukatoka tukikohoa kama wezi.

Nitakueleza jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu pale kazini. Unajua nilikulia Kiamaiko na baba yangu alikuwa mchinjaji wa mbuzi. Hujui kwamba shuleni, nikiingia darasani, wasichana walikuwa wakishika pua. "Beberu amefika," wanasema, na mwalimu anacheka nao. Nilijifua mpaka ngozi ikachubuka. Tangu wakati huo siwezi kuvumilia harufu yoyote ambayo mtu anaweza kuisema. Mtu wa kamati aliponusa ile leso, nilikuwa darasani tena. Na chai ndiyo hivyo hivyo. Kusema "sijui" mbele ya watu nikiwa nimekaa kwenye kigoda kifupi? Wewe, Mwalimu, ukisema hujui watu wanaona unyenyekevu. Mimi nikisema, wataona binti wa Kiamaiko amepewa kazi asiyoiweza.

Idi iko karibu. Nikimwambia Bi. Lela ukweli atachukua leso yake, na familia nyingine zilizotuazima vitu huenda zikamfuata. Tarehe tano nitafungulia wageni kuta tupu. Nikinyamaza, atakuja, ataweka uso kwenye leso, na atakuta sabuni. Nifanye nini?

Celine


Mbale
18 Machi 2025

Celine,

Nimekaa na barua yako siku nzima, na kwanza nataka kukukumbusha kitu. Siku ya kwanza ulipokuja kujitolea, uligusa ngozi ya ile ngoma kubwa ya chumbani ukasema, "Huyu alikuwa beberu mzee, na alikufa mnene." Tulicheka hadi Omolo akamwaga chai. Wewe ukanyamaza. Mimi nilidhani unaona haya kwa kusifiwa. Sisi tulicheka kwa furaha, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia kitu kama hicho kuhusu ngoma yetu. Sasa ndipo naelewa ulisikia kicheko kingine.

Ruhusu sasa mzee aeleze. Uwazi wa mkuu una namna mbili, na watu huzichanganya. Kuna kumwaga moyo mbele ya wafanyakazi mpaka wao ndio wakubembeleze. Huko ni kuwaongezea kazi. Na kuna kusema ulichokifanya kwa sentensi fupi, kutaja kwamba ni wewe, kumrudishia mtu heshima uliyomchukulia, kisha kukaa kimya usikilize. Hii ya pili ndiyo nakuomba. Habari za Kiamaiko utawaambia siku utakayotaka mwenyewe, si kama kisingizio.

Anza na Jacky. Maneno yako yalimvunjia heshima mbele ya Omolo, kwa hiyo yarudishe mbele ya Omolo. Kisha nenda Majengo kabla ya Idi, mwenyewe, na leso. Usibebe zawadi, zawadi huomba msamaha kabla mwenye kukosewa hajasema. Usimtume Jacky wala usimbebe kama ngao. Akitaka kwenda, atasema.

Je, familia nyingine zitaondoka? Siwezi kukuahidi kwamba hazitaondoka. Vitu ni vyao. Chumba chetu hakina hata kijiko chake chenyewe, kina neno letu tu, na watu walituletea vitu vyao kwa sababu ya neno hilo. Ukilitunza utaweza kufungua milango hata kwenye kuta tupu.

Wako,
Zedekiah


Tassia
7 Aprili 2025

Mwalimu wangu,

Nisamehe kwa kukawia. Nilitaka kukuandikia yakiwa yamekwisha.

Nilimfuata Jacky Mukuru. Nilimkuta mlangoni, mikono ndani ya beseni. Alinitazama, akaendelea kukamua nguo. "Hii ni yangu, Madam," akasema. "Usiwe na wasiwasi." Nilicheka bila kutaka, naye akajizuia, akashindwa. Nilimwomba aje asubuhi yake. Mbele ya Omolo nikasema: kufuliwa kwa leso niliagiza mimi, Jacky alitaka kunionya nikamwonyesha mkono, na neno "mfanyakazi mmoja" lilikuwa uongo. Nikanyamaza kama ulivyosema. Ni kazi ngumu kunyamaza. Omolo akakuna kichwa. "Basi na mimi niseme. Siku ile ya makaa sikusahau kuondoka. Nilibaki kukuchunga." Jacky akauliza tu, "Kwa Bi. Lela unaenda lini? Nakuja. Mimi ndiye najua imefuliwa vipi."

Tulienda Majengo alasiri, Bi. Lela amefunga. "Karibuni, wanangu, ila sina cha kuwapa saa hizi." Nilimpa leso mkononi. Aliiinua usoni kabla sijafungua mdomo. Mwalimu, sitaki kuuona tena uso ule.

"Sabuni ya unga," akasema.

"Ya mche, mama," Jacky akasema. "Ya unga ingeichuna rangi."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Nikaianika kivulini."

"Afadhali," akasema, lakini machozi yalikuwa yakishuka.

Nikasema yangu. Kwamba niliagiza. Kwamba nilinunua udi niifukize nimdanganye. Hapo akacheka, kicheko kidogo cha uchungu. "Udi peke yake? Ningejua kabla sijavuka kizingiti! Mama alikuwa akifukiza leso zake mle ndani, chumba kimoja, stovu inawaka, anapika na kufukiza papo hapo. Udi na mafuta ya taa, hiyo ndiyo harufu yake. Sisi watoto tulidhani hivyo ndivyo peponi kunavyonukia." Akaikunja leso juu ya mapaja, taratibu, mara nyingi mpaka ikawa ndogo. "Nendeni sasa. Nataka kujiandaa kufuturu." Hakusema ametusamehe. Leso ilibaki kwake.

Asubuhi ya Idi nilifika mapema. Nilifungua, nikaweka kiti kando ya ule msumari, nikatoka nje nikafunga mlango. Nilikaa uani mpaka jua likawa kali. Hakuja.

Watu wa kamati walitaka tutundike kisutu kingine, cha dukani. "Nani atajua?" wakasema. Nilikataa. Tuliuacha msumari mtupu na chini yake tukabandika maneno haya, tuliyoyaandika watatu pamoja: "Hapa palikuwa na leso ya Bi. Nasima, iliyonukia udi na mafuta ya taa. Mkuu wa makumbusho haya aliagiza isafishwe, na harufu ikapotea. Leso imerudi kwa binti yake." Jacky hakutaka neno "mkuu", alitaka "sisi". Nilibaki na langu.

Siku ya ufunguzi familia moja iliyasoma ikachukua redio yake siku hiyo hiyo, na sikuwazuia. Wengine walisimama pale kwa msumari kuliko mahali pengine popote. Mzee mmoja alivua kofia.

Kisha, wageni wamejaa, Bi. Lela akaingia. Alisoma bandiko mpaka mwisho. Akamgeukia Omolo. "Stovu hii inawaka, au ni pambo?"

"Inawaka, mama. Mimi huipima kila mwezi."

"Basi iwashe."

Omolo akanitazama. Nikaitikia. Ule utambi ulitoa moshi mweusi kwanza, kisha mwali ukatulia, na harufu ya mafuta ya taa ikaenea chumbani. Mtu wa kamati akashika pua. Mimi sikushika. Bi. Lela alisimama kati ya stovu na msumari, macho amefumba.

"Nusu yake," akasema. "Nusu ipo." Kisha, bila kufumbua macho: "Ule udi ulionunua kunidanganya umeutupa?"

Haukuwa umetupwa. Ulikuwa kabatini mwangu. Jacky aliwasha makaa, Bi. Lela akautia mwenyewe, akatoa kwenye mkoba ile leso iliyokunjwa ndogo na kuitandaza juu ya moshi, stovu ikiwaka kando. Alipoiinua usoni hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Inakaribia."

Nikawaomba wageni wote watoke nje, waende uani. Jacky akafunga mlango.

Aliondoka na leso yake. Alisema labda Idi nyingine, labda siyo.

Jacky amerudi kazini. Na vigoda vimerudi uani, Mwalimu, lakini hapo ndipo nimekwama. Kila saa nne nauliza, "Haya, nani ana jambo asilolijua kuhusu kitu hiki?" Nao wanatazama vikombe. "Hakuna, Madam." Nifanyeje?

Celine


Mbale
12 Aprili 2025

Celine, binti yangu,

Nimemsomea mke wangu barua yako kwa sauti, na tulipofika kwenye mlango uliofungwa nikaikunja. Kisha nikaenda stoo nikatoa stovu yetu ya zamani, nikaiwasha barazani. Akauliza kama umeme umekatika. Nilimwambia nasikiliza kitu. Nilikuwa nimeketi tena kwenye ngazi, king'ora kimelia, na sahani inakuja. Nilikaa ng'ambo ya mlango ule utotoni mwangu wote, nikaitunza leso ile uzeeni, na sikujua ni mafuta ya taa. Ahsante kwa kunijulisha. Msalimie Lela, mwambie Zedekiah wa mlango wa ng'ambo bado ana njaa ya kaimati.

Sasa vigoda. Usivunjike moyo kwa vikombe kutazamwa. Wamenyamazishwa kwa wiki nyingi, na ulimi hauamki kwa siku moja. Ila angalia unachofanya. Unawauliza. Swali la mkuu, hata likiwa la upole namna gani, masikioni mwa aliye chini yake ni mtihani. Na nashuku, nisahihishe kama nimekosea, kwamba umekalia kiti cha ofisini na kile kigoda kifupi bado kiko bohari.

Kwa hiyo leo, saa nne ikifika, kitolee ndoo ya rangi iliyo juu yake, kilete uani, ukikalie, taja jambo moja usilolijua, kisha unyamaze mpaka mtu mwingine aseme.

Zedekiah Luseno